Maumivu ya Kifua: Yapi Hungoja Asubuhi na Yapi Hayangoji

Katika Kiswahili neno "kifua" limebebeshwa mizigo mingi. Mtu akisema, "Fulani ana kifua," jirani zake huelewa ya kuwa huyo fulani anakohoa, na pengine hunong'onezana ya kuwa ana kifua kikuu. Mwingine husema, "Moyo unaniuma," naye ameweka kiganja chini ya kidari, mahali paitwapo chembe cha moyo; kumbe moyo wake ni mzima, linalomsumbua ni tumbo. Tena liko neno "kichomi," ambalo kwa wengine ni homa ya mapafu, na kwa wengine ni yale maumivu ya ubavuni yampatayo mtoto akimbiaye baada ya kushiba. Magonjwa haya hayafanani, wala dawa zake si moja, lakini mgonjwa afikapo zahanati huyaeleza yote kwa maneno matatu: "Kifua kinaniuma, Daktari."

Basi yafaa tuyatenganishe maumivu hayo, na hasa tuyajue yale yasiyongoja. Maana kuna jambo moja ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Maumivu yachomayo kama sindano humtia mtu hofu kubwa, akaamsha nyumba nzima. Lakini maumivu mazito, yasiyochoma, yabanayo kama kwamba mtu amekaliwa kifuani, hayo huyadharau. Huomba maji ya moto, hulamba magadi akidhani ni kiungulia, kisha hujilaza na kusema, "Kukicha nitakwenda hospitali." Mara nyingi mtu huyo ameweka hofu yake mahali pasipo pake. Mwenye moyo unaokosa damu si lazima apige kelele, wengi husema, "Hayaumi sana, yananibana tu."

NYUMBA YENYE WAPANGAJI WENGI

Ndani ya kifua mna moyo, mapafu mawili, njia ya chakula iendayo tumboni, na mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni. Na nje yake ziko mbavu na nyama na ngozi. Wote hao ni wapangaji wa nyumba moja, na mmoja akilia si rahisi kujua ni nani. Ukichomwa na mwiba kidoleni, wajua mara moja ni kidole gani. Viungo vya ndani havina uhodari huo. Mishipa ya fahamu itokayo moyoni huingia katika uti wa mgongo mahali pamoja na ile itokayo mkononi, na ubongo hushindwa kutambua habari imetoka wapi. Ndiyo sababu mtu mwenye ugonjwa wa moyo huweza kulalamikia mkono wa kushoto, au mabega, au taya la chini; wako waliokwenda kutafuta wa kuwang'oa jino lisilo na ubaya wowote.

Moyo wa mtu mzima una ukubwa upatao ngumi yake, nao hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku moja bila kupumzika. Kazi hiyo yahitaji chakula. Ijapokuwa moyo umejaa damu, haujilishi kwa damu iliyomo ndani yake, bali kwa mishipa yake midogo iuzungukayo kwa nje. Mkulima ambaye hunywesha shamba lake kwa mfereji ataelewa neno hili upesi. Matope yakijaa mferejini kidogo kidogo, miche ya mwisho hunyauka jua likiwa kali, lakini jioni huinuka tena. Siku ambayo ukingo umebomoka na mfereji umezibwa kabisa, miche hiyo hufa. Katika mishipa ya moyo, matope hayo ni mafuta yagandayo ukutani mwa mshipa kwa muda wa miaka mingi. Siku moja ukoko wake hupasuka, damu huganda juu ya jeraha hilo, na njia huzibika.

Hali ile ya kwanza, ya mfereji uliojaa matope lakini haujazibwa, ilielezwa na daktari William Heberden mbele ya madaktari wenzake katika mji wa London mwaka wa 1768. Alionyesha ya kuwa maumivu hayo humshika mtu anapotembea, zaidi anapopanda mlima na baada ya kula, nayo huondoka akisimama. Miaka zaidi ya 250 imepita, na maelezo yake yangali ya kweli. Mtazame mzee apandaye kilima na debe la mahindi begani: kifua kinambana, anatua mzigo, anajifanya anatazama mashamba ya jirani, kisha baada ya dakika tano anaendelea. Akiulizwa husema ni uzee. Mzee huyo asingoje maumivu yakizidi. Na amwone daktari katika siku hizo hizo, maana dawa ziko. Lakini ikiwa sasa maumivu yamekuja naye ameketi, au yanakuja mara nyingi kuliko juma lililopita, au hayaondoki akipumzika, basi habari yake ni ile ya pili, na ya pili haina subira.

MSHIPA UKIZIBWA

Mshtuko wa moyo ndilo jina litumikalo sana kwa hali hiyo ya mshipa kuzibwa. Katika muda upatao nusu saa nyama ya moyo iliyokosa damu huanza kufa, na kufa huko huendelea saa kwa saa. Mgonjwa huhisi mzigo au mkazo katikati ya kifua, zaidi ya dakika kumi au kumi na tano, na mkazo huo huenda ukapanda shingoni au tayani, au ukashuka mkononi. Jasho jembamba humtoka hata kukiwa na baridi. Huona kichefuchefu, hutapika, hukosa pumzi, uso humbadilika rangi. Wengi husema baadaye ya kuwa walihisi kifo kinawakaribia.

Si wote wapatao dalili hizo kwa ukamilifu. Wanawake, wazee sana, na watu wenye ugonjwa wa sukari huweza kupatwa na mshtuko wa moyo bila maumivu makubwa ya kifua. Mama aliyekuwa na afya njema jana, leo amechoka hata hawezi kufagia uwanja, anahema, anatapika, na mgongo kati ya mabega unamuuma. Jamaa zake humpa dawa ya malaria. Wangempeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Ni lipi linalowazuia watu kwenda? Sababu tunazijua sote. Karani huona haya kutoka ofisini huku anashikwa mkono mbele ya wenzake, naye hungoja saa ya kufunga kazi. Mkulima hufikiri ng'ombe hajakamwa, na kahawa iliyochumwa leo yapasa kufika kiwandani leo. Saa nane za usiku hakuna gari, na mwenye gari hutaka fedha nyingi. Hizi si sababu za kipumbavu; lakini saa zilizopotea hazinunuliki. Dawa iyeyushayo damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa za kwanza, na baada ya saa kumi na mbili faida yake imekwisha karibu yote.

Basi afanyeje? Kwanza aache kazi yote na kuketi, ameegemea kitu, vifungo vya shati vimelegezwa. Asitembee kwenda hospitali, asiende kwa baiskeli, wala asiendeshe gari mwenyewe. Mtu mmoja atafute gari, na mwingine akae naye. Katika Kenya nambari za simu za kuomba msaada wa hatari ni 999 na 112. Lakini anayekaa mbali na barabara kuu afanye shauri na jirani mwenye gari mapema, kabla ya siku ya haja.

Pili, iko aspirin. Kidonge cha miligramu 300, kutafunwa na si kumezwa kizima, huzuia damu isizidi kuganda. Habari hii si uvumi. Mwaka wa 1988 madaktari walitangaza matokeo ya jaribio kubwa liitwalo ISIS-2, lililofanywa katika hospitali 417 kwa wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Kati ya wagonjwa 1,000 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 118 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa katika majuma matano. Kati ya 1,000 waliopewa aspirin walikufa 94. Wale waliopata aspirin pamoja na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda walipona wengi zaidi. Kwa kidonge cha bei ndogo namna hii, ni watu wengi waliookolewa. Lakini aspirin isipewe mtu ambaye humdhuru, wala mwenye vidonda vya tumbo vitokavyo damu, wala aliyepooza upande mmoja wa mwili ghafula, wala mtoto. Na maumivu yakiwa ya kupasua, yaliyoanza kwa kishindo na kwenda mgongoni, asipewe mpaka daktari amwone, kwa maana huenda ukuta wa ule mshipa mkubwa umechanika. Tena Panadol si aspirin. Huweza kupunguza maumivu, lakini mfereji uliozibwa haiufungui.

Neno moja zaidi juu ya hospitali yenyewe. Si kila zahanati iliyo na mashine ya kupima umeme wa moyo, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ni chache zaidi. Yafaa kuuliza leo, ukiwa mzima, ni hospitali gani iliyo karibu nawe yenye vitu hivyo, ili usiku huo gari lisizunguke kutoka mlango hata mlango. Kama hospitali hiyo iko mbali sana, nenda zahanati ya karibu na kuwaambia mara moja, mlangoni, "Huyu kifua kinambana tangu saa fulani." Usikae kwenye benchi kungoja zamu.

JE, NI UGONJWA WETU?

Wako wasemao ya kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu na Wahindi, na Mwafrika hana haja ya kuuogopa. Neno hili zamani lilikuwa na ukweli wake. Mwaka wa 1929 daktari C. P. Donnison aliandika katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet ya kuwa aliwapima watu wapatao 1,000 wa sehemu za Ziwa Viktoria katika Kenya, na hakuona shinikizo la damu likipanda kwa uzee kama lilivyopanda Ulaya. Hata mwaka wa 1956, daktari Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala, na mwenzake waliandika katika gazeti la madaktari wa Afrika ya Mashariki habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, na habari yake ilistahili kupigwa chapa!

Lakini damu ya Mwafrika haikuwa na kinga ya pekee. Maisha yake ndiyo yaliyokuwa mbali na hatari. Jambo hili lilionekana wazi katika uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 1990, ambapo madaktari waliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya karibu na Ziwa kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Shinikizo la damu la waliohama lilipanda tangu miezi ya kwanza. Chumvi katika chakula chao ilizidi, na uzito wa mwili pia. Ni watu wa vijiji vile vile na wa kabila moja. Kilichobadilika ni mahali na chakula na mwendo wa siku.

Siku hizi mji umemfuata mkulima hata kijijini. Mafuta ya kukaangia, soda, sigara, pikipiki ya kumpeleka sokoni mahali alipokuwa akitembea, vyote viko. Kwa hiyo kila mtu aliyepita miaka arobaini apimwe shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka, hata kama hana maumivu, maana shinikizo halipigi hodi. Likifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbalimbali, limekwisha kuwa ugonjwa. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Na magadi yahesabiwe pia, kwa kuwa yana sodiamu kama chumvi. Na sigara iachwe kabisa. Sioni haja ya kuongeza maneno juu ya sigara. Kila mvutaji ameyasikia.

MAPAFU NAYO

Turudi kwa kichomi. Homa ya mapafu huja na homa kali, kutetemeka, kikohozi, na maumivu ya upande mmoja yachomayo kila mtu avutapo pumzi au akohoapo. Mapafu yenyewe hayana maumivu. Kinachouma ni utando uliofunika mapafu, unapowaka na kusuguana. Makohozi huweza kuwa na rangi ya kutu. Ugonjwa huu hutibika vizuri kwa dawa za kuua vijidudu, lakini mgonjwa ahemaye upesi, au aliyeanza kuchanganyikiwa, au mtoto ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi, hao wapelekwe saa ile ile.

Kifua kikuu huenda polepole zaidi. Kikohozi cha majuma mawili au zaidi, jasho la usiku, kukonda, na pengine damu katika makohozi: mtu huyo na apime makohozi yake, wala asijifiche. Katika Kenya dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, na matibabu ya kawaida ni ya miezi sita. Utafiti uliofanya matibabu yafupishwe hata kufika miezi hiyo, mahali pa mwaka na zaidi, ulifanyika hapa hapa Afrika ya Mashariki, na matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka wa 1972. Ni jambo la kujivunia, nalo husahauliwa.

Liko jingine lisilojulikana sana. Damu huweza kuganda katika mshipa wa mguu, kisha donge likang'oka na kupanda mpaka mapafuni. Humpata mtu aliyelala kitandani siku nyingi, aliyepasuliwa, aliyesafiri kwa basi muda mrefu bila kunyosha miguu, na zaidi mama mjamzito au aliyejifungua karibuni. Mguu mmoja huvimba na kuuma. Kisha ghafula pumzi hukatika na kifua huchoma. Jamaa wa mzazi wasiseme, "Ni uchovu wa uzazi." Hii nayo haingoji asubuhi.

YALE YASIYO NA HATARI KUBWA

Maumivu mengi ya kifua, hasa kwa vijana, hayatoki moyoni. Aliyelima siku nzima baada ya kukaa muda mrefu bila kushika jembe, au aliyepakia magunia, ataumwa na nyama za kifua. Maumivu yake huonyeshwa kwa kidole kimoja, huzidi yakibonyezwa, huzidi akigeuza mwili. Mwenye mkazo wa moyo haonyeshi kwa kidole kimoja. Huweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua. Tofauti hiyo humsaidia daktari, ingawa haimtoshi.

Kiungulia huwaka kutoka chembe cha moyo kupanda kooni, baada ya kula sana au kulala mara baada ya kula, na mdomo huwa mchungu. Yeye ndiye mdanganyifu mkubwa, kwa kuwa mshtuko wa moyo hupenda kuvaa nguo zake. Mtu aliyepita miaka arobaini apataye "kiungulia" ambacho hakuwa nacho maishani, pamoja na jasho, asijitibu. Mkanda wa jeshi nao huanza kwa maumivu ya kuunguza upande mmoja wa kifua siku kadha kabla malengelenge hayajatokea. Malengelenge yakionekana tu, nenda upesi, maana dawa yake hufaa zaidi katika siku tatu za kwanza. Na wasiwasi nao, wa madeni au wa msiba, huweza kubana kifua kweli kweli na kuuendesha moyo mbio. Lakini si kazi ya mgonjwa wala ya jirani kuamua ya kuwa ni wasiwasi. Daktari na aamue, baada ya kupima.

MBELE YA DAKTARI

Mazungumzo mazuri hufupisha matibabu. Mathalani:

"Shikamoo, Mzee. Una shida gani?"

"Marahaba, Daktari. Kifua."

"Kinauma namna gani, kinachoma au kinabana?"

"Kinabana, kama mtu ameniwekea jiwe hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu saa tano asubuhi, nikichimba mashimo ya migomba. Nikakaa, hakikuacha. Na mkono huu ukawa mzito."

Kwa majibu hayo matatu daktari hahitaji hadithi ndefu; atamwita mwuguzi alete mashine. Saa maumivu yalipoanza, alikuwa akifanya nini, yameenda wapi, na kama pumzi au jasho vilibadilika: hayo ndiyo ya kusema. Aseme pia kama huvuta sigara, kama ana sukari au shinikizo la damu, na dawa anazotumia, pamoja na za miti shamba. Aliyemsindikiza na achukue pakiti za dawa hizo mfukoni.

Upimaji wa kwanza ukiwa mzuri, habari haijakwisha. Karatasi ya umeme wa moyo huweza kutoonyesha kitu saa za mwanzo, na kile kipimo cha damu kionyeshacho nyama ya moyo iliyoumia huchukua saa kadha kabla ya kupanda. Kwa sababu hiyo daktari huweza kumwambia mgonjwa akae apimwe tena. Wengi hukasirika hapo, huona wanacheleweshwa, huchukua kofia zao na kuondoka kabla ya magari ya jioni kwisha. Mgonjwa na akae mpaka kipimo cha pili kitoke, na jamaa mmoja arudi nyumbani akakamue ng'ombe.